Mawakala Wamenyamaza: Kutatua Matatizo ya Programu za Mantiki Zinazofanya Kazi Pamoja

Siku pikapu mbili zilipofika ufuo wa Dunga, Kisumu, kuchukua mzigo mmoja wa samaki aina ya mbuta, kila kanuni katika mfumo wetu wa kompyuta wa kugawia magari mizigo ya samaki ilikuwa sahihi. Tulizisoma mstari kwa mstari, tukazijaribu moja moja, zikajibu vizuri. Kosa lilikuwa mahali ambapo hatukutazama: kati ya kanuni moja kutuma ujumbe na nyingine kuupokea. Tangu siku hiyo, mfumo wa namna hii ukinisumbua naanzia huko, mpakani kati ya wakala na wakala, na mara nyingi sihitaji kwenda mbali zaidi.

Nikisema wakala simaanishi yule wa M-Pesa pale stejini. Namaanisha programu ndogo yenye maarifa yake, kazi yake na uamuzi wake, inayozungumza na wenzake kwa ujumbe. Katika mfano nitakaoutumia, `ufuo` anajua samaki walioteremshwa, `barafu` anajua akiba ya barafu, kila gari lina wakala wake, na `soko` anafuatilia mahitaji ya masoko ya Kibuye, Luanda na Kakamega, huku magharibi mwa Kenya. Wote wameandikwa kwa Prolog, lugha ya kuandikia programu kwa kanuni za mantiki, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, juu ya msingi wa mantiki ambao Robert Kowalski aliusaidia kuuweka. Natumia toleo liitwalo SWI-Prolog kwa sababu ni ya bure na haihitaji kompyuta ya bei. Kila wakala anaendeshwa katika uzi wake (thread), yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na ya wenzake, na ana foleni yake ya ujumbe.

Namna wanavyogawana kazi ni ya mnada. `ufuo` anatangaza mzigo, magari yanatuma zabuni, `ufuo` anachagua moja na kulijulisha. Utaratibu huu uliandikwa na Reid Smith mwaka 1980 kwa jina la Contract Net, na mtu yeyote aliyewahi kusimama ufuoni asubuhi mashua zikiingia atauelewa bila kuelezwa mara mbili.

Kabla ya kugusa chochote: daftari

Usitafute kosa bila kumbukumbu ya ujumbe. Kila ujumbe unaotumwa na kila unaopokelewa uandikwe kwenye faili: saa, aliyetuma, anayepelekewa, namba ya mazungumzo, na maneno yenyewe. Namba ya mazungumzo ndiyo watu huisahau. Bila hiyo, zabuni tatu zikiingia kwa dakika moja huwezi kujua ipi inajibu tangazo lipi, na utatumia siku nzima kukisia jambo ambalo daftari lingekuonyesha kwa dakika tano. Andika pande zote mbili, kwa sababu ujumbe uliotumwa na ujumbe uliopokelewa ni matukio mawili tofauti.

Dalili: hakuna kosa kwenye skrini, kompyuta imetulia, na hakuna kazi inayosonga

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ina vyanzo vitatu. Anza kwa kuuliza nani yuko hai:

```
?- thread_property(T, status(S)).
```

Ukiona `running`, wakala yupo. Ukiona `exception(...)`, amekufa kwa kosa, na ndani ya mabano kuna sababu. Ukiona `false`, soma hapa kwa makini: wakala amekufa kwa sababu lengo lake kuu limeshindwa tu, na katika Prolog kushindwa, yaani kukosa jibu, si kosa. Ujumbe mmoja ambao hakuna kanuni inayoutambua unatosha. Mtu ameongeza aina mpya ya ujumbe upande wa `soko`, hakumwambia anayeandika `barafu`, na `barafu` akaondoka kimyakimya. Kwa hiyo mzunguko mkuu wa wakala uandikwe hivi:

```
wakala(Mimi) :-
    repeat,
    thread_get_message(Mimi, U),
    (   catch(shughulikia(U), Kosa, andika_kosa(Mimi, U, Kosa))
    ->  true
    ;   andika_usiojulikana(Mimi, U)
    ),
    U == acha, !.
```

Ujumbe wowote usiokuwa `acha` unaurudisha mzunguko mwanzoni, kwenye `repeat`. Kosa linaandikwa, ujumbe usiojulikana unaandikwa, na wakala anaendelea kuishi. Sijui mabadiliko mengine madogo yaliyotuokoa mara nyingi kama haya.

Ikiwa wote wako hai, huenda wanasubiriana. Kwetu ilikuwa hivi: `barafu` hatengi barafu mpaka gari lithibitishe safari, na gari halithibitishi mpaka lijue barafu ipo. Kila mmoja ana adabu, kila mmoja anangoja mwenzake aingie kwanza mlangoni. Ukisoma kanuni za upande mmoja tu hutaona lolote baya. Chukua daftari, mwandikie kila wakala anamngoja nani, na uchore mishale. Mishale ikifanya duara, umeipata. Dawa ni mmoja wao kukubali kutangulia kwa ahadi yenye muda: `barafu` anatenga kilo zinazotakiwa kwa dakika 10, na zisipothibitishwa zinarudi kwenye akiba.

Kuna kosa dogo hapa linalowanasa hata wazoefu. `thread_get_message/3` inakubali `timeout(20)`, na wengi huiweka ndani ya mzunguko wa kukusanya zabuni. Sekunde 20 hizo zinaanza upya kwa kila zabuni inayoingia. Magari yakijibu kwa kupishana, mnada haufungwi. Tumia saa moja ya mwisho kwa mnada mzima:

```
zabuni_zote(Kazi, Mwisho, [Z|Zs]) :-
    thread_get_message(ufuo, zabuni(Kazi, Z),
                       [deadline(Mwisho)]),
    !,
    zabuni_zote(Kazi, Mwisho, Zs).
zabuni_zote(_, _, []).
```

Chanzo cha tatu: ujumbe umefika, uko kwenye foleni, lakini haufanani na umbo linalosubiriwa. Hapa herufi moja inatosha kusimamisha kazi. Katika Prolog `dunga` ni jina na `"dunga"` ni mfuatano wa herufi, na hayo mawili hayaoani. Data inayotoka kwenye simu kwa JSON, muundo wa maandishi wa kupitishia data, ukiisoma kwa `json_read_dict`, inaleta mifuatano ya herufi, ilhali kanuni zako zimeandikwa kwa majina. Vivyo hivyo `400` na `400.0`: ukizilinganisha kwa hesabu `=:=` ni sawa, ukizioanisha kwa `=` hazioani. Na namba ya simu ikisomwa kama namba ya kawaida inapoteza sifuri ya mwanzo, kisha dereva hapatikani. Geuza kila kitu kiwe umbo moja pale mlangoni, mara tu kinapoingia, usiwaachie mawakala kila mmoja afanye ubadilishaji wake.

Kinyume chake kipo pia, nacho ni kibaya zaidi kwa sababu hakinyamazi, kinajibu uongo. Sisi tumefundishwa shuleni kwamba jina la mahali huanza kwa herufi kubwa. Mtu akiandika

```
bei(Kibuye, ngege, 400).
```

hajaandika bei ya soko la Kibuye. Ameandika kwamba ngege ni 400 katika kila soko duniani, kwa maana neno linaloanza na herufi kubwa ni kigeu na linaoana na chochote. SWI-Prolog itakuonya wakati wa kupakia faili kwamba kigeu `Kibuye` kimeonekana mara moja tu. Msipuuze maonyo hayo. Nimewaona vijana wazuri wakiyapita kama matangazo ya redio.

Dalili: mzigo mmoja, magari mawili

Hii ndiyo ile ya Dunga. Kanuni yetu ilikuwa hivi:

```
panga(Kazi) :-
    hali(G, huru),
    thread_send_message(G, pewa(Kazi)),
    barafu_ya_kutosha(Kazi, G).
```

Isome kama mantiki: kazi imepangwa ikiwa kuna gari huru, gari limejulishwa, na barafu inatosha kwa gari hilo. Inaonekana safi. Sasa ifuate jinsi Prolog inavyoitekeleza. Inapata gari la kwanza, inalitumia ujumbe, kisha inauliza barafu. Sanduku la gari hilo ni kubwa, barafu haitoshi, swali linashindwa. Prolog inarudi nyuma, inachukua gari la pili, inatuma tena, na safari hii barafu inatosha. Majibu ni sahihi kabisa: gari la pili. Lakini la kwanza limeshawasha injini.

Kurudi nyuma kunafuta thamani za vigeu, hakufuti ujumbe. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo amua kwanza mpaka mwisho, funga uamuzi kwa `once`, ndipo utume:

```
panga(Kazi) :-
    once(( hali(G, huru),
           barafu_ya_kutosha(Kazi, G) )),
    thread_send_message(G, pewa(Kazi)).
```

Pitia faili zako zote ukitafuta `thread_send_message`, `assertz` (inayoongeza taarifa) na `retract` (inayoifuta). Popote utakapoona swali linaloweza kushindwa likiwa chini ya mojawapo, simama hapo. Kwetu tulipata sehemu tano.

Ukisharekebisha hilo na bado magari mawili yanatokea, angalia kama kuna mawakala wawili wanaogawa kazi kwa wakati mmoja. Taarifa zinazobadilika, zile zilizotangazwa kwa `dynamic`, nyuzi zote zinazishiriki. Mgawaji wa Dunga anaona gari fulani ni huru, na kabla hajaandika kwamba limechukuliwa, mgawaji wa ufuo mwingine naye ameshaliona huru. Kuangalia na kubadilisha lazima viwe tendo moja chini ya kufuli moja:

```
chukua(G) :-
    with_mutex(magari,
        ( hali(G, huru),
          retract(hali(G, huru)),
          assertz(hali(G, kazini)) )).
```

Kufuli hili linalinda nyuzi za programu moja kwenye kompyuta moja. Ukishaweka wakala mmoja Kisumu na mwingine Nakuru kwenye kompyuta tofauti, halikusaidii tena. Hapo orodha ya magari iwe na mwenyewe mmoja, wakala anayeitunza peke yake, na wengine wamwombe kwa ujumbe.

Wanaotumia ubao wa pamoja badala ya foleni wana sababu yao nyingine ya kuangalia. Mtindo huo unatokana na Linda, wazo la David Gelernter lililochapishwa mwaka 1985, na maktaba yake ipo katika SICStus Prolog, toleo jingine la Prolog. Ubaoni `out` inaweka taarifa, `rd` inaisoma na kuiacha, `in` inaisoma na kuiondoa. Ukichukua kazi kwa `rd`, kila gari litaichukua. Ni herufi mbili tu, na dalili zake ni zilezile za Dunga. Tofauti ni kwamba wakala aliyechukua kwa `in` akifa njiani, kazi imepotea naye. Mwache aandike ubaoni kwamba ameichukua na hadi saa ngapi, ili mwingine aweze kuirudisha.

Dalili: wakala anasema "hakuna" na kumbe kipo

Nitakaa hapa kidogo, maana naamini hili ndilo linalotenganisha mfumo wa mantiki unaoaminika na ule wa kuonyesha tu kwenye mafunzo.

Alama `\+` katika Prolog haisemi "si kweli". Inasema "nimejaribu kuthibitisha nikashindwa". Keith Clark aliifafanua maana hiyo mwaka 1978, na mwaka huohuo Raymond Reiter akaandika kuhusu dhana ya ulimwengu uliofungwa: kwamba kisichojulikana kihesabiwe si kweli. Ndani ya wakala mmoja mwenye orodha kamili, dhana hiyo inafaa. Kama ratiba yote ya magari iko kwangu na gari halimo, basi halipo.

Lakini kati ya mawakala ulimwengu haujafungwa. Mtandao umelegea upande wa Luanda, dereva yuko kwenye bonde lisilo na mawimbi ya simu, jibu lake liko njiani. `ufuo` anauliza `\+ zabuni(Kazi, _)`, anapata ndiyo, anatangaza kwamba hakuna gari, na mama mwenye samaki anauza kwa bei ya kutupa kwa aliyesimama karibu. Dakika mbili baadaye zabuni inaingia. Hasara hiyo ni ya mtu halisi aliyelala macho akingoja mashua, na haikutokana na kompyuta kuharibika. Ilitokana na sisi kuruhusu kimya kihesabiwe jibu.

Tenganisha hali mbili ambazo `\+` inazichanganya. "Wote wamejibu na hakuna aliyekubali" ni jambo moja. "Kuna ambao hawajajibu" ni jambo jingine, na linastahili jina lake:

```
haijulikani(Kazi) :-
    gari(G),
    \+ jibu(Kazi, G, _).

hakuna_gari(Kazi) :-
    forall(gari(G), jibu(Kazi, G, _)),
    \+ jibu(Kazi, _, ndiyo(_)).
```

Ili hili lifanye kazi, magari yalazimike kujibu hata yakikataa. Gari lisilotaka mzigo litume `hapana`, lisikae kimya. Na saa ya mwisho ikifika huku `haijulikani` bado ni kweli, mwambie mwenye samaki ukweli huo: magari mawili hayajajibu. Yeye anawajua madereva wake kuliko mfumo wako. Ataamua kama anangoja au anauza.

Pia angalia mpangilio ndani ya kanuni. Hii ina kasoro:

```
gari_la_akiba(G) :- \+ safarini(G), gari(G).
```

`G` bado haina thamani inapofika kwenye `\+`, kwa hiyo swali linakuwa "hakuna gari lolote lililo safarini?" Gari moja tu likiwa barabarani, mfumo unaona hakuna la akiba. Weka `gari(G)` mbele na kosa linaondoka.

Dalili: kompyuta inapiga kelele, wakala hajibu

Kama kimya kimekuja na joto, wakala anazunguka. Mara nyingi ni njia za barabara:

```
njia(A, B) :- njia(A, C), barabara(C, B).
njia(A, B) :- barabara(A, B).
```

Kanuni ya kwanza inajiita kabla ya kufanya lolote. Na hata ukiigeuza, barabara ya Kisumu kwenda Maseno ni ileile ya kurudi, kwa hiyo msako utakwenda Maseno na kurudi Kisumu bila kukoma. Ongeza mstari mmoja juu, `:- table njia/2.`, ili Prolog ikumbuke maswali iliyokwisha kuyauliza. Utapata Kisumu, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja hadi Busia, kisha itasimama. Usiweke `table` juu ya kanuni inayotuma ujumbe, kwa sababu mara ya pili jibu litatoka kwenye kumbukumbu na ujumbe hautatumwa.

Dalili: kigeu ulichotuma hakirudi na jibu

Ujumbe unanakiliwa unapotumwa. Ukituma `uliza_bei(ngege, B)` ukitarajia mwenzako aijaze `B` yako, utangoja milele. Yeye anaijaza nakala yake. Tuma namba ya mazungumzo, naye akujibu kwa ujumbe mpya.

Dalili: kumbukumbu inajaa polepole, siku baada ya siku

Ni zabuni zilizochelewa. Mnada ukishafungwa, `zabuni_zote` haizichukui tena, nazo zinabaki foleni. Ule mzunguko mkuu wa wakala utazifikia ukiwa na kanuni ya kuzipokea na kuzitupa kwa heshima, yaani kumjibu aliyetuma kwamba mnada umefungwa. Kwa foleni ulizounda mwenyewe, `message_queue_property(F, size(N))` itakuambia ngapi zimelala.

Dalili: stima ikirudi, mawakala hawakubaliani

Stima ikikatika, kila kilichowekwa kwa `assertz` kinapotea, kwa sababu kilikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Wakala aliye kwenye simu yenye betri anakumbuka kwamba gari lake liko kazini. Mgawaji aliyezimika na kuwaka upya anaamini magari yote ni huru. Tumia `library(persistency)`: tangaza taarifa zako kwa `persistent`, ziunganishe na faili kwa `db_attach`, na mabadiliko yataandikwa kila yanapotokea, mradi uyafanye kwa amri ambazo maktaba hiyo inakutengenezea, kama `assert_hali`, badala ya `assertz`. Kisha, wakala anayeamka asigawe kazi mara moja. Aulize kila gari hali yake kwanza, alinganishe na faili, na penye tofauti aamini gari.

Na rudi kwenye `hakuna_gari` niliyoandika juu. `forall` juu ya orodha tupu inafaulu. Mgawaji akiamka kabla orodha ya magari haijapakiwa, wote "wamejibu", hakuna aliyekubali, na atawatangazia watu wa Dunga kwamba hakuna usafiri. Weka sharti la kwanza kwamba kuna angalau gari moja linalojulikana:

```
hakuna_gari(Kazi) :-
    once(gari(_)),
    forall(gari(G), jibu(Kazi, G, _)),
    \+ jibu(Kazi, _, ndiyo(_)).
```

Kisha zima swichi mwenyewe, mashua zikiwa bado ziwani, uone wanavyoamka.